Bunduki Aliyoitengeneza Baba Mwenyewe

Jumamosi, 1 Novemba

Rafiki yangu Damaris ndiye amenishauri niandike. Anasema hasira ikikaa sana kifuani inashuka tumboni inakuwa vidonda, na kliniki kwenyewe huendi mpaka Madam akubali. Basi naandika. Nikipona nitamshukuru. Nisipopona, watajua kilichoniua.

Habari ya nyumba hii leo ni bunduki. Huku kwa Waarabu mwajiri anaitwa Baba na mkewe Madam, hata kama wewe ni mtu mzima mwenye mtoto wa miaka kumi na tano, na huyu Baba wangu hajalala vizuri tangu maonyesho ya uwindaji ya Septemba. Binamu yake, Abu Hamad, ameagiza bunduki Ulaya ya kupimiwa kama suti. Wanakupima bega, shavu na urefu wa mkono, halafu wanakuchongea yako peke yako. Bei yake, kwa mujibu wa Philipo dereva, unanunua Land Cruiser na chenji ya mafuta inabaki.

Jana kwenye majlisi, sebule ya wageni wa kiume, Baba alitangaza kwamba ni mjinga tu anayelipa pesa hizo. Yeye atanunua chuma tayari kwa fundi mwenye leseni, atanunua mti wa bunduki, ile sehemu ya kushika na kuegemeza begani, uliochongwa nusu, na nusu iliyobaki ataimaliza kwa mikono yake. Wageni wakasema mashallah. Mimi nilikuwa mlangoni na trei ya kahawa. Niliitazama hiyo mikono. Kucha zake ni safi kuliko vijiko vyangu.

Philipo alicheka kabla Baba hajamaliza utani wake. Huwa anafanya hivyo. Mtu wa Bungoma mzima, na ndevu.

Jumamosi, 8 Novemba

Mti umefika, wa mjozi, mzito, kifundo kimoja kizuri kama jicho la ng'ombe. Pamoja nao zimekuja tupa za aina zote, misasa, mashine mbili za kulainishia, meza ya fundi, miwani, glavu, na kiyoyozi kipya cha gereji kwa sababu Baba hafanyi kazi kwenye joto. Sijui hesabu, lakini naona ile Land Cruiser ikisogea sogea karibu.

Alifanya kazi muda wa chai kuchemka. Tupa ikamkwangua kidole. Madam alikuja mbio na plasta, watoto wakaja kutazama damu, Philipo akaambiwa apige picha. Kwenye picha Baba ameinama juu ya mti kama daktari wa upasuaji.

Halafu akanitazama.

"Kerubo, kwenu si mnachonga mawe?"

Kosa ni langu. Mwaka wa kwanza nilimletea Madam kinyago cha kiboko, cha jiwe la kwetu Tabaka, na kinyago hicho kimekaa kwenye kabati la vioo kikinichongea mimi. Nilimweleza kwamba kwetu wanaume ndio wanachonga. Sisi wanawake tunalainisha kwa msasa na beseni la maji, tunapaka rangi, tunapaka nta. Akasema vizuri sana, ndicho kinachotakiwa.

Na akatoa ahadi. Nikimaliza, naenda likizo niliyoahidiwa tangu mwaka jana. Desemba, wallahi. Chelsea wangu anaingia gredi ya kumi Januari, shule ya bweni, na nilimwapia kwamba sanduku lake la chuma nitalibeba mimi mwenyewe hadi getini. Nilimwacha akiwa na miaka kumi na moja. Nimemlea kwa simu.

Nikachukua tupa.

Ijumaa, 14 Novemba

Kupika, kufua, kupiga pasi kanzu, msasa.

Ijumaa, 21 Novemba

Madam aliniruhusu kwenda kanisani Mesaimeer, maana huku ibada ni Ijumaa. Damaris, ambaye anatunza mzee mmoja hapa hapa Al Rayyan, alinishika mikono akainusa.

"Weh, Kerubo, umeolewa na seremala?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka mzee wa kanisa akatugeukia. Halafu akaacha kucheka na kuniuliza kama nimeandikiwa popote kwamba kazi ya bunduki iko kwenye mkataba. Nikasema mkataba unasema kazi za nyumbani, na gereji iko nyumbani. Akasema ahadi ya Desemba niishike kwa vidole vyote, maana Desemba za huku zina tabia ya kuchelewa.

Jumanne, 25 Novemba

Leo nilidhani nimekwisha.

Mti ulikuwa umelainika, nikafanya kama tunavyofanya kwetu. Niliujazia beseni maji, nikauosha wote, nikausugua ukiwa umelowa. Jiwe la Tabaka linapenda hivyo. Nikautoa nje ukauke. Baada ya adhuhuri nikaukuta umeota nywele. Kweli kabisa, vinywele vya mti vimesimama mwili mzima kama kuku aliyenyeshewa.

Baba alipouona alipiga kelele mpaka paka wakahama ukuta. Mimi ni punda, nimeharibu, atanikata mshahara, nisahau Desemba. Akampigia simu Bashir, fundi wa bunduki kule eneo la viwanda, akiwa bado anafoka. Kisha akanyamaza. Akasikiliza. Akasema aha, na aha tena. Bashir alikuwa anamwambia kwamba ndivyo inavyotakiwa: unalowesha, vinywele vinasimama, unavikata kwa msasa laini, na mti hautaota tena hata unyeshewe.

Alikata simu, akaniambia niendelee. Neno la punda halikurudishwa. Bado liko pale gereji, kando ya mashine.

Alhamisi, 4 Desemba

Majlisi ilijaa. Nikiwa mlangoni nilimsikia Baba akiwafundisha wageni siri yake ya maji. "Lazima uuoshe mti," anasema, "uoteshe nywele, halafu uzinyoe. Watu wengi hawajui." Akawaonyesha plasta, ambayo naapa ilikuwa mpya. Kidole kilipona siku nyingi. Akamalizia kwamba ameokoa nusu ya bei kwa kufanya kazi mwenyewe.

Ameokoa. Nilirudi jikoni nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Jumamosi, 13 Desemba

Nimemaliza. Mafuta ya kitani, nguo laini, kiganja, kungoja, tena mafuta. Mti unang'aa kwa ndani kama chai ya rangi juani. Nitasema ukweli hapa ambapo hakuna anayesoma: ni mzuri, na niliutazama muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Baba aliupapasa akasema bado mkono mmoja wa mafuta, nipake mara moja zaidi. Nikauliza tiketi. Akasema, "Inshallah, mkono mmoja tu."

Jumatano, 17 Desemba

Bado mkono mmoja tu.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Biriani ya wageni. Ukungu nje, huoni nyumba ya jirani. Mkono mmoja wa mafuta.

Jumanne, 30 Desemba

Bunduki ya Abu Hamad imefika kutoka Ulaya. Baba alienda kuiona akarudi amenuna kama mtoto aliyenyimwa peremende. Ya Abu Hamad ni nyembamba shingoni. Yetu ni nene. Alikuja gereji, akaweka kidole juu ya kazi yangu ya miezi miwili na kusema nikwangue mafuta yote, nipunguze, niipe umbo la ile.

Nikasema, "Baba, na safari?"

Akashangaa kweli. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia meza ikiongea. Akasema mti haujaisha, utakwendaje?

Nilimwendea Philipo akiwa anaosha gari. Nilimwambia yeye ni mtumwa wa meno, anacheka mbele ya mtu anayetufanya hivi. Alisugua rimu ya gurudumu mpaka ikaisha, kisha akasema taratibu: "Mama Chelsea, mimi nacheka kwa sababu pasipoti yangu iko droo moja na yako."

Nilirudi gerejini nikakwangua.

Jumatatu, 12 Januari

Leo Chelsea ameingia shule.

Kaka yangu Athanas ndiye aliyembebea sanduku. Walinipigia kutoka getini, video inakatika katika. Niliona shingo ya sweta ya kijani, niliona mlinzi akikagua godoro, niliona wazazi wa watu wamejaa wakiwafunga watoto kamba za viatu ambazo watoto wanajua kujifunga. Mimi nilikuwa nimesimama gereji na vumbi la mjozi mpaka kwenye kope.

Chelsea hakulia. Afadhali angelia. Aliniambia kwa adabu, kama mtu anayeongea na mwalimu, "Sawa mum, usijali. Visiting ya kwanza ni tarehe ishirini na moja Februari. Kama utakuwa na nafasi."

Kama nitakuwa na nafasi. Mtoto wangu ananiomba miadi.

Mtu ambaye hajasoma bweni hajui siku ya wazazi. Nyasi zote zimejaa leso, kuku, chapati, soda, na kila familia imekaa kama kisiwa. Yule ambaye hajajiwa anakaa karibu na mabafu akijifanya anasoma. Mimi nilisoma sana karibu na mabafu, kwa hiyo najua.

Jioni Baba alikuja akiwa na simu, anataka picha. Alivaa miwani, akavaa glavu, akachukua msasa kutoka mkononi mwangu, mkononi kabisa, ungali na joto langu, akaushika juu ya mti. Philipo akapiga picha. Baba akanirudishia msasa. Akasema asante? Hapana. Akaandika chini ya picha kwamba hakuna raha kama kazi ya mikono yako.

Nimekata shauri kwamba huyu mtu sitamlilia machozi. Machozi yana chumvi na chumvi inaharibu mti.

Jumamosi, 17 Januari

Mti ulipelekwa kwa Bashir akague umbo jipya, naye ameurudisha kupitia Philipo na ujumbe: sasa ni lazima mwenye bunduki aje apimwe. Urefu wa kitako, ule mwisho unaoegemea begani, ukatwe kulingana na mkono wake. Na pale shavu linapolala, pande zote mbili zimeachwa nene makusudi. Upande mmoja ubaki na mwingine uondolewe, kufuatana na mtu anavyolenga.

Baba alikuwa anaelekea West Bay kunywa kahawa na watu. Nilimsomea ujumbe mlangoni. Nilimwambia aingie tu gereji aushike begani, nitaweka alama kwa penseli, hata kahawa haitapoa.

"Nani ana muda?" akasema. "Shika wewe. Kata inapokaa vizuri, khalas."

"Inapokaa vizuri, Baba?"

"Inapokaa vizuri."

Philipo alikuwa ameshika mlango wa gari. Alisikia vyote viwili, swali na jibu.

Nikarudi gereji. Chuma kiko kwa Bashir chini ya kufuli, kwa hiyo mahali pa mtutu nilifunga kipande cha bomba la maji. Nikauweka mti begani. Mimi ni mfupi, na ni wa mkono wa kushoto. Mwalimu wa darasa la kwanza alinichapa miezi sita ili niwe wa kulia, akashindwa, akahamishwa. Niliusogeza mpaka ukakaa vizuri. Nikaweka alama. Nikakata.

Kisha nikalaza shavu, nikasikiliza shavu linataka nini, na upande lisioutaka nikauondoa kwa tupa, pole pole, bila haraka yoyote. Nilitii amri neno kwa neno. Sijawahi kuwa mfanyakazi mtiifu kama leo.

Philipo alirudi kuchukua miwani ya Baba aliyoisahau. Alinikuta nimelenga kopo la rangi kwa bomba la maji, jicho la kulia nimefumba. Alitazama mti, akatazama bega langu la kushoto. Akachukua miwani akaondoka. Hakucheka.

Jumamosi, 24 Januari

Mvua kubwa, barabara imekuwa bwawa. Mafuta, mkono wa kwanza. Baba amesema siku atakayopiga risasi ya kwanza, siku hiyo naenda. Amesema mbele ya Madam.

Jumatatu, 2 Februari

Madam amekumbuka Ramadhani. Inaanza baada ya wiki mbili na kitu, na nani atapika sambusa za watu arobaini? Anasema likizo iwe baada ya Idi. Nikamkumbusha neno la Baba. Akasema Baba husema maneno mengi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue tulikubaliana.

Alhamisi, 5 Februari

Philipo amepeleka mti kwa Bashir kuunganishwa na chuma. Baba alikuwa naye. Philipo anasimulia kwamba Bashir aliugeuza mti, akaugeuza tena, akamuuliza Baba kwa heshima kama anapiga kwa mkono wa kushoto. Baba alikuwa kwenye simu. Akatikisa kichwa kukubali, kama anavyokubali kila kitu akiwa kwenye simu. Bashir akainua mabega, akafunga skrubu.

Ningeweza kusema kitu leo. Nilikaanga samaki.

Ijumaa, 13 Februari

Naandika yote kabla sijalala, maana nikilala nitadhani niliota.

Tulienda kambini jangwani, familia nzima na nusu ya ukoo. Mimi na Madam tulibaki na masufuria. Wanaume walipitia kwanza uwanja wa shabaha, Baba na Abu Hamad na bunduki zao, Philipo akiendesha. Waliporudi, Baba aliingia hema bila kusalimia. Juu ya jicho la kulia alikuwa na jeraha la kupinda, nusu mwezi kamili, na plasta mbili zimelipita katikati.

Philipo alinisimulia nyuma ya gari, mdomo haufunguki sana. Baba aliiweka bunduki begani mbele ya watu, shavu likakosa pa kulala. Akanyoosha shingo kulitafuta. Kitako kilikuwa kifupi kwake, kwa hiyo jicho likakaribia kabisa darubini ya kulengea iliyofungwa juu ya bunduki. Akafyatua. Bunduki ikarudi nyuma, na darubini ikamkaribisha.

"Na risasi?" nikauliza.

"Risasi iko Saudia," akasema Philipo.

Nilicheka, halafu nikaacha. Damu ilikuwa ya kweli. Na wazo likanijia likiwa limechelewa, baridi kama maji ya friji: bunduki haifai, kwa hiyo kazi haijaisha. Nimejifungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe. Ndani ya hema nilimsikia Baba akisema, kwa sauti ya mtu anayemeza mfupa, "Kitu kidogo tu. Nitanunua mti mwingine, nitaurekebisha mwenyewe."

Mwenyewe. Miezi mingine mitatu ya mwenyewe. Ramadhani, Idi, joto, na mtoto karibu na mabafu.

Sinia la wali na mbuzi halibebwi na mtu mmoja. Nilishika upande mmoja, Philipo upande mwingine, tukaingia hema la wanaume. Bunduki ilikuwa magotini mwa Abu Hamad. Huyu mzee ana sauti ya upole ambayo inaua. Aliipapasa, akasifu mng'ao, akasifu nywele za mti zilivyonyolewa. Kisha akaipandisha bega la kulia, ikakataa. Akaihamishia la kushoto, ikakaribia kukubali.

"Ndugu yangu," akamwambia Baba, "hii imepimiwa mtu mfupi wa mashoto. Nani alikutengenezea?"

Baba amewaambia watu hawa majira mazima kwamba ni yeye. Ana picha. Akisema ni mimi, basi mjakazi ndiye fundi na yeye ni mwongo. Akisema ni yeye, basi hajui bega lake liko wapi. Macho yake yalizunguka hema yakanifikia mimi, na nikaona amefahamu, kwa sababu nilikuwa nagawa wali na mwiko ulikuwa mkono wa kushoto.

Nikauhamishia wa kulia.

Kiarabu changu ni cha jikoni lakini kinatembea. Nikasema, nikiwa nimeinamisha kichwa, "Ni Baba. Alifanya kazi yote mwenyewe. Mimi nilifagia vumbi tu."

Hakuna aliyeniuliza, lakini nilishafungua mlango, nikaingia mzima mzima. Nikasema Baba aliniahidi kwa wallahi kwamba siku bunduki ikipigwa, naenda kwa mtoto wangu. Leo imepigwa. Nikasema Mungu ambariki, na kwamba naondoka Jumapili, kabla ya Ramadhani, kama alivyosema, maana Baba hana maneno mawili.

Hilo la Jumapili hakulisema kamwe. Nililiweka hapo kama nilivyoweka alama ya penseli.

Abu Hamad alimgeukia. "Mashallah. Jumapili hii?"

Wazee wote wakamtazama Baba, na nyama mikononi. Nusu mwezi juu ya jicho lake ulikuwa umekuwa mwekundu. Alinitazama, na katika macho yake hakukuwa na wema hata kidogo, naye katika yangu hakuupata.

"Jumapili," akasema.

Philipo akacheka, safari hii baada ya utani.

Jumapili, 15 Februari

Pasipoti mkononi. Baba aliitupa mezani, hakuniaga. Madam alinipa manukato na pipi za Chelsea, akanong'ona kwamba kile kidole hakikuwahi kuhitaji plasta ya pili. Kumbe naye alikuwa anaona. Aliona miezi yote mitatu na akanyamaza, akanidai sambusa. Nimeyapokea manukato. Kusamehe sijasamehe.

Jumamosi, 21 Februari

Chapati kumi na mbili, kuku mzima, na embe. Chelsea ameniacha kwa urefu. Alikuja akitembea kama mgeni, akanipa mkono, halafu akaushika ule mkono na kuutazama, vidole vyote vina rangi ya kahawia ambayo sabuni imeshindwa.

"Ulikuwa unafanya kazi gani huko, mum?"

"Kufagia vumbi," nikasema.

Ndipo akakaa, akaegemea bega langu la kushoto, akala.

Simu ikalia. Ni picha kutoka kwa Philipo: amesimama gereji, vumbi mpaka kwenye ndevu, msasa mkononi, mti mpya mbele yake. Chini ameandika: "Baba anasema safari hii ataimaliza mwenyewe. Nimemwomba aje nimpime, anasema hana muda. Nifanyeje, Mama Chelsea?"

Nilimwangalia mtoto anavyokwangua mfupa. Tiketi yangu ina safari ya kurudi. Hilo nitalifikiria wakati wake, na wakati wake si leo. Nikafuta mafuta kidoleni nikamjibu:

"Kata inapokaa vizuri."

Nikaifunika simu kwenye nyasi, nikamwongezea Chelsea paja.